Kupima Sheria za Mwendo kwa Kigari, Sukari na Unga

Hamjambo, watazamaji. Tuko Kisumu, karibu na soko la Kibuye, ambako vijana wa mikokoteni hushinda wakisukuma mizigo. Kila mmoja wao anajua kwamba mkokoteni usiposukumwa husimama, na kutokana na hilo wengi wetu huamini kwamba kila kinachokwenda sharti kiwe na kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ya kukiendesha. Imani hiyo si sahihi, nanyi mtaona kosa lake kwa macho yenu.

Kwanza, tafuta kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, kama vile watoto wanavyojiundia. Changu kina tungamo, yaani kiasi cha maada, la gramu 900. Kipakie pakiti ya sukari ya kilo 1, kiweke juu ya ubao laini wa mita 2 uliolazwa mezani, kisha ukisukume kidogo. Kitakwenda, kitapunguza mwendo na kusimama, kwa sababu msuguano unakizuia.

Sasa inua ncha moja ya ubao kwa magazeti, moja baada ya jingine, na kila mara ukisukume kigari taratibu kuelekea chini. Tafadhali usiiharakishe hatua hii, kwani kwangu ndiyo kiini cha jaribio zima. Utafika mahali ambapo kigari kitapita sentimita 50 za kwanza na 50 zinazofuata kwa muda ulio sawa. Hapo mteremko umeusawazisha msuguano, jumla ya kani ni sifuri, na bado kigari kinakwenda. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza kati ya tatu ambazo Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687: kani haihitajiki ili kudumisha mwendo, bali ili kuubadilisha.

Baada ya hapo, funga uzi mbele ya kigari, uupitishe juu ya kapi dogo lililo ukingoni mwa meza, upande wa chini wa mteremko, na uning'inize mfuko mwepesi wenye mililita 100 za maji. Maji hayo ni gramu 100, nayo dunia huyavuta kwa kani ya karibu nyutoni 1 (nyutoni ni kipimo cha kani). Kiachilie kigari bila kukisukuma, upime muda wa kupita mita 1. Utapata takriban sekunde 2. Zidisha umbali kwa 2, ugawanye kwa mraba wa muda, nawe utapata mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi, wa mita 0.5 kwa sekunde mraba. Gawanya nyutoni 1 kwa kilo 2, ukihesabu kigari, sukari na maji pia, kwa kuwa nayo husafiri: jibu ni lile lile. Hiyo ndiyo sheria ya pili: mchapuko ni kani ikigawanywa kwa tungamo.

Ongeza pakiti ya unga ya kilo 2. Mteremko usiuguse, maana msuguano na mvuto wa mteremko huongezeka pamoja. Tungamo limekuwa maradufu, mchapuko umekuwa nusu, lakini muda ni kama sekunde 2.8, wala si 4 ambazo wanafunzi wengi huzitarajia, kwa sababu umbali hufuata mraba wa muda.

Sheria ya tatu haihitaji ubao. Nenda ufuo wa Dunga, umtazame mvuvi akiruka kutoka mtumbwini: yeye huenda mbele, mtumbwi hurudi nyuma. Kani hizo mbili ni sawa na zinaelekea pande tofauti, ila hazifutani, kwani moja humsukuma mvuvi na nyingine huusukuma mtumbwi. Mtumbwi ukiwa umejaa samaki, naye akaruka kwa kani ile ile, hurudi nyuma polepole zaidi.