Kabla ya Kumwaga Kabro, Tuulize Ardhi ni ya Nani

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, asalaam aleikum. Baadhi yenu mlinisikia Kisauni nikilisema hili, mkanisikia tena Likoni, na leo nalirudia. Mfadhili akija kuutengeneza mtaa wetu, la kwanza aulizwe: ardhi hii ni ya nani?

Marehemu shangazi yangu alikuwa na nyumba Majengo, hapa Mombasa, zile nyumba zetu mnazozijua: ukumbi katikati, vyumba sita, jiko na choo uwani. Vyumba vinne alipangisha, akasomeshea watoto. Nyumba yake, kiwanja si chake. Kila mwezi alipeleka kodi kwa mwenye ardhi, na risiti akizitia kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Likaja shirika la hisani. Watu wema, siwasemi vibaya. Wakachimba mtaro, wakamwaga kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika njia, kichochoroni, wakatia taa. Masika yale maji hayakuingia ukumbini. Shangazi alikaa barazani akiyatazama yakipita mtaroni, anacheka kama mtoto. Mwaka wa pili ikaja barua: mtaa umependeza, kodi imepanda mara tatu. Mwaka wa tatu, barua nyingine: ardhi imeuzwa, ng'oa nyumba yako. Ng'oa! Ukuta wa udongo na mawe unang'olewa vipi? Aliokoa milango, boriti na mabati. Mkebe wa risiti aliubeba mwenyewe, hakumpa mtu.

Sasa niambieni, sadaka ile ilimtajirisha nani?

Najua mtasema, mwalimu, shirika gani lina pesa za kununua ardhi Mombasa? Sawa, lisinunue. Lakini kabla ya kabro la kwanza likae na mwenye ardhi, waandikiane mkataba wa miaka mingi, kodi isipande ovyo, wakazi wasifukuzwe. Kama hataki, mtaro huo anaufaidi yeye, basi auchimbe yeye!

Au twendeni hapo Voi tukatazame mtaa wa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wale walichagua kuishika ardhi kwa pamoja. Nyumba ni yako, unaijenga, unairithisha, lakini kiwanja ni cha jumuiya, hakiuzwi kipande kipande kwa walanguzi.

Wapo wanaoniambia hayo ni mambo ya kizungu. Ya kizungu vipi? Wakfu ni nini? Babu zetu waliweka nyumba na mashamba, mali yenyewe isiuzwe, pato lake liwafae watu kizazi baada ya kizazi. Tume ya Wakfu, inayosimamia mali hizo, iko papa hapa Mombasa, na sheria iliyoiongoza miaka mingi ilikuwa ya 1951. Shirika la kujenga mitaa na wakfu vimeshindwaje kukaa meza moja?

Nilikusudia kusema na ya Mji wa Kale, na jinsi Unguja walivyoifufua bustani ya Forodhani kwa fedha za Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009, lakini adhana imekaribia. Ya ajira za vijana pia nayaacha.

Nyinyi wa Majengo na Kisauni mnaolipa kodi ya kiwanja, kesho baada ya alasiri njooni na risiti zenu, hata zilizoliwa na mchwa. Tutazitoa nakala zote, moja moja.