Haas wa NASCAR Alifikaje Formula 1? Najibu Mara Moja, Msiniambie Najidai

Haya wapendwa, karibuni tena. Tangu niweke ile video ya karakana za NASCAR huku North Carolina, swali ni lile lile kila siku: huyu Gene Haas, mwenye timu ya NASCAR, aliingiaje Formula 1? Na chini yake wanafuata wale wa "kwani tajiri si ananunua tu timu?" Najibu leo, halafu msiniulize tena. Na kabla hamjaanza: kuishi karibu na karakana si kuwa na hisa ndani yake. Geti la makao ya Haas huku Kannapolis nalipita kwa nje, kama unavyopita wewe nje ya Ikulu. Anayetaka kuandika "siku hizi unajidai" ahifadhi bando lake.

Kwa mgeni tu: NASCAR ni mbio za magari za Marekani, na Formula 1, yaani F1, ni mbio za dunia za magari ya kiti kimoja, matairi yako nje.

Tuanze na pesa, maana ndiko mnakokimbilia. Pesa ya Haas ni ya mashine za kuchonga chuma. Kampuni aliianzisha California mwaka 1983, na mwaka 1988 akaonyesha VF-1, mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya bei chini ya dola 50,000, bei ambayo hata karakana ndogo ingeweza kujikakamua. Gari lake la kwanza la F1, la mwaka 2016, likaitwa VF-16. Mmeona? Gari ni bango. NASCAR inaonekana sana Marekani, lakini mteja wa mashine yuko Ujerumani, China, Brazil. Hiyo ndiyo hesabu aliyopiga.

Sasa makaratasi. FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ilifungua mlango wa maombi ya timu mpya mwishoni mwa 2013, Haas akapewa kibali Aprili 2014. Angeweza kujilazimisha kuanza 2015, akasubiri 2016. Wengine walimcheka, ila mimi naona hapo ndipo alipojiokoa. Kulikuwa na timu ya hapa hapa Charlotte, US F1, ilipewa nafasi ya msimu wa 2010 na haikufika hata kwenye mbio ya kwanza. Zile tatu mpya zilizofanikiwa kuanza mwaka huo nazo zilikufa moja baada ya nyingine. Jengo la Haas la Banbury, Uingereza, lilikuwa la mojawapo, Marussia, iliyofilisika.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndiyo siri yenyewe. Kwenye F1 timu lazima iwe mtengenezaji wa gari lake, lakini kanuni zinataja kwa majina sehemu ambazo lazima ziwe zako: kile chumba cha kaboni anachokaa dereva, nguzo ya kumkinga gari likipinduka, pua ya kupokea ajali, na bodi yote ya nje pamoja na mabawa na sakafu. Injini, giaboksi, sespensheni, haidroliki? Kanuni za wakati ule ziliruhusu kununua kwa timu nyingine. Haas akachukua kila kilichoruhusiwa kutoka Ferrari. Na zile zinazotakiwa kuwa zako, kanuni haisemi uzichonge kwa mkono wako. Inasema tu usizipate kwa mshindani. Akawapa kazi Dallara wa Italia, watengenezaji wa magari ya mbio ambao hawana timu F1. Timu kubwa zilikuwa na watu wao wa kuchora giaboksi, yeye analetewa kwenye sanduku. Mercedes wakaenda kuuliza FIA ufafanuzi wa ushirikiano wa namna hii kabla Haas hajakimbia hata mbio moja! Mbio ya kwanza, Australia 2016, dereva wake Romain Grosjean akamaliza wa sita. Pointi 8.

Mnaosema uzoefu wa NASCAR ungemrahisishia, nawapa mifano miwili.

Haas alikuwa na handaki lake la upepo, Windshear, pale Concord, North Carolina, mahali pa kulipulizia gari upepo ili kupima linavyoukata. Linapokea gari zima la ukubwa halisi, chini kuna mkanda unaokimbia kama barabara, na upepo unafika maili 180 kwa saa, karibu kilomita 290. Kwa NASCAR ni dhahabu. F1 je? Kanuni zinasema modeli isizidi asilimia 60 ya gari, na upepo usizidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Basi mwenye handaki akaenda kupima kwenye handaki la Ferrari, Maranello.

Mfano wa pili ni nati. NASCAR ya wakati ule tairi lilifungwa kwa nati tano. F1 ni nati moja kubwa katikati, na watu watatu kila tairi. Australia 2018 madereva wa Haas wako wa nne na wa tano, Kevin Magnussen na Grosjean. Magnussen anaingia piti, kubadilishiwa matairi, mzunguko wa 22. Nati inaingia mshazari, mashine inaizungusha kwa nguvu, nyuzi zinakufa, nati inagoma. Mkononi mwa fundi kugoma na kukaza vinafanana. Gari linaachiwa, tairi linacheza, redio inasema simama. Mzunguko wa 24 anaingia Grosjean, yale yale. Pointi 22 zimeyeyuka. Mwaka ule kati ya timu zote walimaliza wa tano kwa pointi 93, mpaka leo hawajawahi kufanya vizuri zaidi. Na kwa wale wa "wangekuwa wa nne": piga hesabu, wangefika 115, Renault walikuwa na 122.

Ubaya wa kununua ukaonekana 2019. Gari lilikuwa na kasi Jumamosi ya kupanga nafasi, Jumapili ya mbio matairi hayakai kwenye joto lake. Vifaa vipya havikufanya kile kompyuta ilichoahidi, mpaka Silverstone Grosjean akaendesha gari lenye vifaa vya mbio ya kwanza, Australia, ili walinganishe. Watu wako Banbury, wengine Italia, ofisi kuu Kannapolis. Tatizo linazunguka nchi tatu kabla halijapata mwenyewe. Mwaka 2021 waliacha kuliboresha gari ili waandae la 2022, wakavuna sifuri.

Na karatasi haziishi. Timu ya NASCAR inapakia lori, inarudi nyumbani Jumapili usiku. Ya F1 inabeba kaneti, hati ya forodha inayoorodhesha kila kifaa, na kila ulichoingiza lazima utoke nacho. Waingereza nao tangu Brexit wanahesabiwa siku 90 katika kila 180 ndani ya Schengen. Ndugu zangu, hata hao wenye ndege wanapanga foleni ya karatasi, halafu mtu anatuma ujumbe saa nane za usiku "nitafutie visa, wewe si uko huko". Tuheshimiane jamani.

Leo mlango ule haupo. Makubaliano ya F1 na timu yaliyoanza 2021 yaliweka ada ya dola milioni 200, timu mpya ilipe zigawiwe zilizopo. Haas hakulipa hiyo. NASCAR kwenyewe timu yake ya Stewart-Haas ilifungwa mwisho wa 2024, amebaki na gari moja kwenye daraja la juu. F1 amewaleta Toyota kama washirika, walitangaza Oktoba 2024.

Wa Kigali mnaouliza kama Rwanda ikipata mbio itapata na timu: kuandaa ni mkataba wa barabara na ada, timu ni yote niliyoyasema.

Na vijana wa VETA mnaouliza mtafikaje: mimi siahidi mtu kazi, kila mmoja na riziki yake. Mimi ningeanza na mashine, si gari. Mashine za Haas ziko kwenye vyuo vingi duniani. Jifunze kusoma programu kabla ya kubonyeza kitufe cha kijani. Kosa linalovunja mashine za watu ni hili: umeita kifaa T3 (kifaa namba 3), kwenye G43 (amri ya kuiambia mashine urefu wa kifaa) ukaandika H4 (urefu wa kifaa namba 4). Mashine inachukua urefu wa kifaa kingine, inaweza kushuka ikagonga meza. T na H zifanane, na mara ya kwanza punguza kasi ya kushuka hadi asilimia 5, mkono ukiwa kwenye kitufe cha kusimamisha.