Fuwele Ndogo Mno Kugeuka

Mabibi na mabwana, tazameni waya huu. Naukunja, nauchovya kwenye maji ya moto… umenyooka wenyewe. Ni nitinoli, aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani. Herufi tatu za mwisho za jina lake la asili, Nitinol, yaani NOL, ni za maabara ya jeshi la majini la Marekani ilikovumbuliwa.

Ikiwa na joto, atomu zake hujipanga kimchemraba. Hali hiyo huitwa austenaiti. Ikipoa, safu za atomu huinama kwa pamoja, ikawa martensaiti. Hakuna atomu inayoachana na jirani zake, ndiyo maana njia ya kurudi haipotei.

Lakini waya huu si fuwele moja, yaani kipande kimoja chenye atomu zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Ni fuwele chungu nzima zilizobanana, kila moja imeelekea kwake. Tukizifanya ndogo sana je? Metali husokotwa chini ya shinikizo kubwa hadi mpangilio wa atomu uvurugike, kisha hupashwa moto kiasi ili fuwele changa zichipue. Zikiwa chini ya nanomita 50 hivi (unywele una upana wa kama 80,000), ukizipoza hazigeuki martensaiti.

Sababu yake hunifurahisha kila nikiieleza. Fuwele ikitaka kuinama, jirani huizuia. Iliyo kubwa hujigawa matabaka: hili linainama kulia, lile kushoto, na umbo la jumla halimsumbui jirani. Tatizo ni kwamba kila mpaka kati ya matabaka hulipiwa nishati. Ndani ya fuwele ndogo matabaka lazima yawe membamba na mipaka isongamane, hadi gharama inapita faida ya kupoa. Basi fuwele inabaki ilivyo.

Msiseme imekufa, ivuteni! Ukivutwa, waya wa kawaida hugeuka kwa mruko, na kila mzunguko wa kuvuta na kuachia hupoteza nishati na kuichosha metali. Kwenye fuwele za nanomita 10 hivi, njia ya kwenda (ukivuta) na ya kurudi (ukiachia) karibu zinalingana, na uchovu unapungua sana. Kirija cha nitinoli, kinachowekwa ndani ya mshipa wa damu ili ubaki wazi, hutikiswa na mapigo ya moyo mara milioni 40 hivi kwa mwaka, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Ila joto fiche, yaani joto ambalo metali hutoa au hufyonza inapogeuka, nalo hushuka. Anayetaka kupoza kwa kuvuta na kuachia metali hatazipenda fuwele ndogo kiasi hicho.

Waya wangu ungekuwa na fuwele hizo, onyesho la leo lingeharibika: ningeukunja kidogo, nao ungenyooka kabla sijafika kwenye maji.