Mwimbaji wa Kitabuni Anapopanda Jukwaani

Ndugu zangu, riwaya ikisema fulani ni mwimbaji wa kawaida tu asiye na bahati, msomaji anakubali na kufungua ukurasa unaofuata. Jukwaani lazima jamaa afungue kinywa. Akiimba vizuri, watu wanaulizana: mbona basi analala njaa? Akiimba vibaya, nani atamvumilia hadi pazia lishuke?

Mfano ninaoupenda ni *Pal Joey*, mchezo wa jukwaani wa nyimbo na dansi wa Marekani, uliotokana na hadithi za kusomwa. Joey Evans ni mwimbaji na mshereheshaji wa vilabu hafifu vya usiku mjini Chicago. Mwandishi John O'Hara alianza kumtoa kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1938, kwa barua ambazo Joey anamwandikia rafiki yake Ted, mwenye bendi, ambaye mambo yamemnyookea. Barua zimejaa makosa ya tahajia, majigambo na wivu. Utamu wote uko hapo: Joey anajianika bila kujua.

Sasa barua utaichezaje? O'Hara mwenyewe aliandika maneno ya mchezo, Richard Rodgers akatunga muziki, Lorenz Hart mashairi, na pazia likafunguliwa New York siku ya Krismasi ya 1940. Nyimbo za kilabuni walizifanya makusudi ziwe za ovyo ovyo, tujue huyu bwana anafanyia kazi wapi. Halafu wakampa wimbo mmoja mtamu kwelikweli, "I Could Write a Book", anaomwimbia msichana waliyekutana mbele ya duka la mbwa. Eti angeweza kuandika kitabu juu yake. Yeye huyo, ambaye barua tu inamshinda! Hapo sauti nzuri haituletei swali tena, maana ni chambo cha laghai. Wapenzi wa taarabu hamhitaji maelezo. Mmezoea wimbo unaochekea huku unachoma.

Nyimbo za moyoni alipewa Vera, mke wa tajiri, anayemfungulia Joey kilabu kisha akamchoka. "Bewitched" ni yake: mwanamke mtu mzima anajua kabisa kijana huyu hafai, na bado anamtaka.

Na Joey je, hana moyo? Anao, ila waliuweka miguuni. Aliyemcheza ni Gene Kelly, mcheza dansi, na mwisho wa sehemu ya kwanza anaiona ndoto ya kilabu chake kwa dansi. Kwangu mimi hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika mchezo ule: mtu ambaye kila neno lake ni uongo, mnyang'anye maneno.

Si wote walioridhika. Brooks Atkinson, mhakiki wa michezo wa gazeti la The New York Times, alikubali kwamba kazi imefanywa kwa ustadi, kisha akauliza kama maji matamu yanaweza kutekwa kwenye kisima kichafu. Mchezo uliporudi mwaka 1952, akausifu. Vera alikuwa yuleyule wa mwanzo, Vivienne Segal. Joey alikuwa mwingine, Harold Lang, naye pia alitafutwa miongoni mwa wacheza dansi.