Bili ya Baada ya Kisu

ELIA: Karibuni tena, tuko Dodoma, upepo na vumbi kama kawaida. Dada Chiku, leo umekuja na karatasi.

CHIKU: Bili hii, kaka. Ya msikilizaji wetu, katuruhusu tuisome bila kumtaja yeye wala hospitali. Mama yake kafanyiwa upasuaji, katolewa uvimbe wa tumboni. Upasuaji wenyewe bei aliijua, akajipanga. Kilichomtoa jasho ni wodini.

ELIA: Hapo ndipo penyewe.

CHIKU: Sikia. Kitanda, siku tano. Mama kaingia Jumatatu mchana, karuhusiwa Ijumaa asubuhi.

ELIA: Kalala mara nne!

CHIKU: Hospitali ile inahesabu siku, na bei imebandikwa ukutani. Hapo hana hoja. Ila shuka chini: sindano za antibiotiki mpaka Ijumaa, wakati Jumatano jioni daktari kamhamishia kwenye vidonge. Yule msikilizaji akaomba waangalie chati ya dawa, ile nesi anayoweka alama kila dozi. Sindano za Alhamisi na Ijumaa hazimo. Zikafutwa.

ELIA: Bila ugomvi?

CHIKU: Ugomvi wa nini? Kaomba mchanganuo kabla ya kulipa. Ukishalipa, kurudishiwa hela ni safari nyingine.

ELIA: Na hii "kufunga kidonda", halafu gozi na plasta pembeni?

CHIKU: Hiyo mimi hainipendezi. Uliza: ada ya kufunga kidonda haina gozi ndani yake? Wapo wanaotenganisha kihalali, lakini wakujibu.

ELIA: Nasikia Marekani wana utaratibu wao.

CHIKU: Medicare, bima yao ya wazee, inamlipa mpasuaji kwa kifurushi. Upasuaji mkubwa: siku moja kabla, siku yenyewe na siku 90 baadaye. Kukupitia wodini, kutoa nyuzi, kubadilisha bandeji, vyote vimo. Hadai tena, labda akurudishe chumba cha upasuaji. Upasuaji mdogo ni siku 10, mwingine siku ileile tu. Ila hiyo ni ada ya daktari, kitanda ni hesabu nyingine.

ELIA: Hapa kwetu sasa.

CHIKU: Uliza mapema: bei mliyonitajia imebeba nini? Nyuzi zimo? Kliniki ya marudio imo? Mwenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, usitie saini fomu ya madai kabla hujasoma huduma zilizoandikwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, lakini saini bado ni yako.

ELIA: Wa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii?

CHIKU: Ile ya kaya nzima? Kama kadi yako bado hai, shika barua ya rufaa toka zahanati. Bila barua, dirishani utaambiwa ulipe mwenyewe.

ELIA: Na hospitali za serikali, omba namba ya malipo, lipa kwa simu au benki. Anayetaka umpe mkononi, mwombe risiti uone atakavyobadilika sura.

CHIKU: Hahaa! Na kama hela huna kabisa, ofisi ya ustawi wa jamii imo humo humo hospitalini. Nenda mgonjwa akiwa bado kitandani, wapate muda wa kukuhoji. Watu wanakwenda siku ya kuruhusiwa, saa tisa alasiri, afisa keshafunga mlango.

ELIA: Na siku za kitanda zinaongezeka.

CHIKU: Zinaongezeka, kaka.