Mchoro Unaojisasisha Ndani ya Ripoti

MHARIRI: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka, juma hili nimehariri ripoti ya ujenzi ambayo maelezo yake yalitaja ngazi ya upande wa mashariki, ilhali mchoro uliokuwa chini ya maelezo hayo ulionyesha ngazi hiyo hiyo upande wa kaskazini. Nilidhani mwandishi ndiye aliyepotoka, kumbe picha ilikuwa ya zamani.

MSANIFU: Pole, dada. Sisi tunaochora tunalifahamu vizuri kosa hilo. Mtu huuchukua mchoro wa AutoCAD, ile programu ya kompyuta tunayochorea majengo, kama picha, akaibandika ndani ya Word, na tangu saa hiyo picha na mchoro havijuani tena. Mshitiri akiomba ngazi ihamishwe, mchoro unarekebishwa siku hiyo hiyo, lakini ripoti inabaki na habari za mwezi uliopita.

MHARIRI: Na dawa yake?

MSANIFU: Kuunganisha badala ya kubandika. Njia hiyo inaitwa OLE, na Microsoft waliileta mwaka 1990. Ndani ya AutoCAD unahifadhi kwanza faili, unapanga mwonekano unaoutaka, kisha unaandika amri ya COPYLINK. Ukihamia Word unafungua Paste Special na kuchagua Paste link. Kinachoingia ripotini hapo ni vitu viwili, yaani taswira ya mchoro kama ulivyoonekana mara ya mwisho, na anwani ya mahali faili lilipo. Ikiwa taswira imekaa katika mstari wa maandishi, bonyeza Alt na F9 uione anwani yenyewe, ikianza na neno LINK. Ukitaka kusasisha, unaichagua na kubonyeza F9.

MHARIRI: Mimi sina AutoCAD. Nikiifungua ripoti hiyo kwangu, nitaona nini?

MSANIFU: Utaiona taswira ya mwisho, ila hutaweza kuisasisha. Tena anwani ile hutaja njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi folda ya mwisho, kwa hiyo ripoti ikibebwa kwenye flashi bila mchoro, kiungo kinaelekea mahali ambapo hapana kitu. Hata ofisini, kama folda ya pamoja inasomeka kwa herufi moja katika kompyuta yangu na kwa herufi nyingine katika yako, itabidi ufungue orodha ya viungo na kuelekeza upya chanzo. Lakini kinachotuponza zaidi ni majina. Tuna desturi ya kuhifadhi faili kama «mwisho», kisha «mwisho kabisa», kisha «mwisho wa kweli», na kiungo masikini kinaendelea kulitii lile la kwanza.

MHARIRI: Hapo umenigusa, maana nimeyapokea yote matatu kwa siku moja. Ila mimi nina hofu ya upande wa pili. Ripoti ikishatiwa saini, mchoro ukajibadilisha wenyewe mtu anapoifungua, tutasema aliyetia saini alikubali nini?

MSANIFU: Hofu yako ni ya haki. Wakati wa kuandika, kiungo na kiwe hai. Wakati wa kuipitia ripoti, kifunge kwa Ctrl na F11. Na siku ya kuikabidhi, kikate kabisa kwa Ctrl, Shift na F9 katika nakala ya kukabidhi, kisha utoe PDF. Asili yenye viungo ibaki kwako.

MHARIRI: Hata hivyo, mimi ningependa utoe mchoro kama picha ya PNG, nami niiingize kwa Insert and Link. Picha hiyo nayo hufuata faili lake, na yeyote mwenye Word anaweza kuisasisha bila kuwa na programu yako.

MSANIFU: Kwa timu yenye wahariri wengi nakubaliana nawe, ingawa hapo unategemea kumbukumbu yangu. Nikisahau kutoa PNG mpya baada ya kurekebisha mchoro, ngazi yako itarudi kaskazini. COPYLINK haihitaji hatua hiyo, inatosha kuhifadhi faili.

MHARIRI: Basi nitakukumbusha kila unaporekebisha. Leo jioni nitumie PNG ya ile ngazi, na tafadhali, jina la faili liwe lile lile la jana.