Kuhamia simu ya vitufe bila kupoteza namba wala ujumbe

Hamjambo ndugu zangu, karibuni. Niko Busia, upande wa Uganda, na hapa mezani nina simu mbili: hii ya kioo kitupu niliyoitumia miaka minne, na hii mpya yenye vitufe vya herufi chini ya kioo. Leo tunahama pamoja, kwa hiyo ukiweza kaa na simu zako zote mbili karibu.

Kazi yangu ni kuandika oda za wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Mvua ikinyesha vidole vinalowa, kioo kinaanza kuandika mambo yake. Kitufe unakihisi chini ya kidole, unaandika huku unamtazama mteja usoni. Ndiyo sababu nimebadilisha.

Tuanze kabla hujatoa pesa, maana hapa ndipo watu wanaumia. Ukikuta BlackBerry Bold au Curve inauzwa kwa bei nzuri, iache. Kampuni ilizima huduma za simu hizo tarehe 4 Januari 2022, na hata kupiga simu ya kawaida hakuna uhakika. BlackBerry KEY2 ya mwaka 2018 ni nzuri sana mkononi na inatumia Android, lakini iliishia Android 8 na haipokei tena masasisho ya usalama. Kwa mtu anayeweka pesa na benki ndani ya simu, mimi siishauri. Hii yangu ni Unihertz Titan 2, ya mwaka 2025, imekuja na Android 15. Ukiagiza nje, uliza mapema kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, itakuwa kiasi gani, na risiti uitunze.

Ukinunua dukani, fanya hivi mbele ya muuzaji. Fungua sehemu ya kuandika, bonyeza herufi moja moja kuanzia A hadi Z, kisha nafasi, kisha kufuta. Usione haya. Kitufe kimoja kikifa, umenunua simu isiyoweza kuandika jina lako. Halafu weka laini yako, piga simu, msikilizane. Kama simu imefungwa kwa mtandao wa nchi nyingine, utaijua hapo hapo. Mwisho piga *#06#, namba zitakazotokea zilingane na zile za kwenye boksi.

Sasa WhatsApp. Tunaianza kabla ya kuhamisha laini, kwa sababu msimbo wa uthibitisho utaingia kwa SMS kwenye laini hiyo. Chaji simu zote mbili, ziweke karibu, washa Wi-Fi na huduma ya mahali (location). Kwenye simu ya zamani fungua Mipangilio, Gumzo, halafu Hamisha gumzo, bonyeza Anza. Kwenye simu mpya sakinisha WhatsApp, weka namba ile ile, ingiza msimbo uliotumwa. Ikikuuliza kuhusu kuhamisha gumzo kutoka simu ya zamani, kubali. Itatokea picha ya msimbo wa QR, hii hapa, ipige kwa kamera ya simu ya zamani. Subiri. Yangu ilichukua muda kwa sababu ya picha nyingi za magunia. Usiguse kitu mpaka imalize.

Laini yenyewe: ikiwa ni ile kubwa ya zamani, tafadhali usiikate kwa mkasi. Nenda kituo cha huduma cha mtandao wako na kitambulisho cha taifa, wakubadilishie upate ndogo yenye namba ile ile. Pesa zako za simu haziko ndani ya kadi, ziko kwenye namba. Ukimaliza, angalia salio kwa *165# kama ni MTN, au *185# kama ni Airtel. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote, hata yule anayekusaidia kuweka simu.

Tunakuja kwenye vitufe vyenyewe. Fungua Mipangilio, tafuta Kibodi halisi, uzime ile ya kioo isijitokeze, maana kioo hiki ni kifupi na inakula nusu yake. Ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha zima urekebishaji wa maneno. Usipoizima, simu itageuza maneno yetu kuwa Kiingereza katikati ya oda. Halafu tafuta ile alama ya juu ya ng'. Kwenye vibodi vingi imefichwa, unashika kitufe cha alama kwanza ndipo ubonyeze herufi. Jizoeze kwa kuandika ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, mara kumi kumi. Mimi siku ya kwanza niliandika "ngombe" kwenye kila ujumbe, na iliniuma, kwa sababu ninapenda Kiswahili kiandikwe sawasawa.

Pia unaweza kuipa herufi kazi. Mimi nikishikilia W inafungua WhatsApp, K inafungua kikokotoo.

Simu ya zamani usiifute leo. Kaa nayo wiki nzima, uone kama kuna namba au picha iliyobaki. Ukiridhika, ondoa akaunti ya Google kwanza, ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, mdogo wako utakayempa anaweza kuombwa nywila yako na akashindwa kuingia. Yangu naipeleka kwa shangazi Tororo Jumamosi.